Swicha Iliyojibonyeza Yenyewe Kanisani

Nzembi hakuvunjika mguu kwa heshima. Kuna watu huvunjika mguu wakimvuta mtoto asigongwe na gari, wakapata cha kusimulia mpaka uzeeni. Yeye aliuvunja akicheza ngoma ya Kipunjabi kwenye harusi aliyoajiriwa kuirekodi, si kuicheza.

Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya swicha, ile meza ya vifungo ambamo picha za kamera zote huingia, na mtu mmoja akachagua ipi iende kwenye skrini. Kamera zinaweza kuwa tatu au sita, lakini watazamaji huona moja tu kwa wakati mmoja, ile ambayo kifungo chake kimebonyezwa na kuwaka nyekundu. Nzembi alikuwa amevibonyeza vifungo hivyo tangu atoke chuoni, kwenye harusi, matanga, mahafali na mikutano ya makampuni ambapo watu hupigiana makofi bila sababu. Kwa muda huo alikuwa amejiaminisha kwamba Nairobi nzima hakuna mwenye mamlaka kumzidi.

"Mheshimiwa anaweza kuongea mpaka jioni," alikuwa akisema. "Kama sijabonyeza, anaongea na ukuta."

Harusi yenyewe ilikuwa Westlands, ya binamu wa bosi wake, Taranjit. Taranjit alikuwa mzaliwa wa Ngara, mtu wa kilemba kilichofungwa vizuri na shati lisilochomekewa kamwe, aliyekodisha kamera na mitambo kutoka stoo moja nyuma ya Adams Arcade, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kasi kuliko cha makanga wa matatu. Shangazi yake ndiye aliyeleta balaa. Mama huyo mnene, aliyevaa dhahabu ya ukoo mzima kwa mkupuo, alifika mezani, akamshika Nzembi mkono na kumwambia hakuna msichana anayeruhusiwa kukaa wakati dholi, ngoma yao, inapigwa. Nzembi akamwachia vifungo Muasya, mpiga kamera mwenzake, kwa wimbo mmoja tu. Akapanda jukwaani na wenzake, akashuka peke yake, upande usiokuwa na ngazi. Muasya, kwa hofu, alibonyeza kifungo cha kwanza alichokiona, na ukumbi wote ukamwona fundi akianguka kwenye skrini kubwa kama gunia la viazi. Wageni walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya shughuli.

Ndiyo sababu Taranjit hakuweza kumfuta kazi. Angemfutaje mtu aliyevunjwa na shangazi yake? Alimfuata hadi Kabiria, kwenye chumba chake cha kupanga, akiwa na sanduku la mithai, vile vitamutamu vya Kihindi, na uso wa mtu anayesubiri kutukanwa. Nzembi alikuwa amelala chali, plasta imefika gotini, mguu umewekwa juu ya mito kama mtoto wa chifu.

"Huyu mtu umemweka nafasi yangu," Nzembi alimwambia hata kabla ya salamu, "nilimwona jana kwa simu, ile harusi ya Karen. Ni nani alimwambia bibi harusi ni mgongo?"

"Nzembi, wacha tu."

"Pete inaingia kidoleni, yeye anatuonyesha keki. Bosi, anakata picha kama mtu anakata sukuma wiki."

Taranjit alikaa kwenye kigoda, akala mithai yake mwenyewe mbili, kisha akasema jambo alilokuwa amelibeba tangu nyumbani. Swicha yao ilikuwa na tundu la waya wa intaneti kule nyuma, tundu ambalo tangu mashine inunuliwe lilikuwa limetumiwa na buibui tu. Fundi mmoja alikuwa amemweleza kwamba ukichomeka waya pale, mtu mwenye laptop anaweza kuiendesha mashine akiwa popote. Vifungo vyote vinachorwa kwenye kioo cha laptop. Ukigusa hapa, kinawaka kule.

"Popote?" Nzembi aliuliza.

"Popote penye intaneti."

Nzembi aliangalia ukuta. Ploti ile ilikuwa na laini moja ya intaneti, ambayo mwenye nyumba aliigawa kwa vyumba vyote kama mama wa watoto wengi anavyogawa yai. "Basi tujaribu," akasema. "Kwani huwa nabonyeza kwa mguu?"

Walijaribu wiki hiyo hiyo. Taranjit alipanga kamera stoo, Nzembi akafungua laptop kitandani, Muasya akampigia simu ili wawe wanasikizana masikioni. Mara ya kwanza kifungo kilipowaka bila kidole cha mtu, Taranjit, aliyeunganisha nyaya zote kwa mkono wake, alirudi nyuma hatua nzima na kutaja jina la Mungu.

Shida ilikuwa moja. Amri ya Nzembi ilifika upesi, lakini picha zilimrudia zimechelewa kidogo, kwa kuwa picha ni mzigo, na intaneti ya Kabiria hubeba mizigo kwa mkokoteni. Alichokiona kwenye kioo kilikuwa tayari kimekwisha kutokea. Akisubiri aone mtu amefungua kinywa ndipo abonyeze, watazamaji wangemkuta mtu huyo ameshafunga. Ikabidi ajifunze kuwahi. Mhubiri kabla ya kupaza sauti huvuta pumzi, na sauti ya simu ya Muasya ilimfikia mapema kuliko picha. Mama kabla ya kulia hutafuta leso. Mwanasiasa kabla ya kudanganya hushika tai. Nzembi alikuwa amewatazama watu kwa miaka mingi, kazi hiyo haikumshinda. Alifanya mkutano mmoja wa chama cha madaktari na ubatizo mmoja, na hakuna aliyejua kwamba fundi alikuwa Kabiria, amejifunga leso kiunoni, anakula mhogo.

Kisha Mzee Musili akafa.

Mzee Musili alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu, mtu wa Machakos aliyeishi Nairobi maisha yake yote, na aliyejulikana kwa mambo mawili: kimya chake na masikio yake. Yalikuwa masikio makubwa, yaliyosimama mbali na kichwa kama vishikio vya sufuria. Ibada yake ilipangwa katika kanisa moja la katikati ya jiji, asubuhi, kabla ya mwili kusafirishwa kuzikwa nyumbani. Kulikuwa na jamaa ng'ambo waliotaka kuifuatilia mubashara, na kulikuwa na skrini kubwa iliyowekwa mbele, juu ya jeneza, kando ya picha ya marehemu, ili walioketi nyuma waone.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa mdogo wake, Mbaluka, mwanamume wa suti na sauti, aina ya mtu ambaye akipewa kipaza sauti kukijaribu, anahutubia. Alimfuata Taranjit asubuhi, kamera zikiwekwa.

"Ile nguzo unaiona? Ile ya kushoto, huko nyuma. Kamera isiende huko."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Ndio nakwambia isiende."

Nyuma ya nguzo palikuwa na Kavutha, mke wa pili wa Mzee Musili, ambaye ukoo wote ulimjua na kamati, rasmi, haikuwa imewahi kusikia habari zake. Alikuwa ameketi na binti yake, Mukai. Wamevaa nyeusi kama wenzao, ila hawakuwa na yale maua meupe ambayo familia ilibandikwa kifuani.

Muasya alimweleza Nzembi kwa simu, akinong'ona huku akifunga kamera ya tatu kwenye miguu yake.

"Wafichwe?" Nzembi aliuliza. "Kwani wao pia wamekufa?"

"Mimi nakuambia tu vile bosi ameambiwa."

"Sawa. Nimesikia."

Nzembi hakuwa na nia mbaya. Asubuhi hiyo alikuwa na kazi kubwa kuliko ndoa za watu, nayo ilikuwa intaneti. Alikuwa amechechemea na magongo yake mlango hadi mlango, akiwaomba wapangaji wasiitumie mpaka ibada iishe. Wote walikubali, isipokuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Kanyiva, aliyekuwa akifuatilia tamthilia moja ndefu ya nchi za mbali, iliyotafsiriwa, ambapo mwanamke tajiri alikuwa amepoteza kumbukumbu kwa mara ya pili.

"Leo ndiyo siku anakumbuka," Kanyiva alimwambia.

"Dada, ni matanga."

"Ya nani?"

"Ya mzee mmoja wa Machakos."

Kanyiva, ambaye alikuwa na imani yake na moyo wake mzuri, alipima jambo hilo. "Mpaka saa sita," akasema. "Saa sita kamili nafungua. Kama hajaingia mbinguni mpaka saa sita, haingii."

Ibada ilianza vizuri, maana yake ilianza kwa kuchelewa. Taranjit alikaa kando ya swicha, mikono mapajani, kama mlezi wa mtoto wa mtu mwingine. Kwaya iliimba, Nzembi akakata kutoka kwa kiongozi wa kwaya hadi kwa mwimbaji wa sauti ya juu sekunde ile ile alipofumba macho. Mke wa kwanza, ambaye watu walimwita Mama Muli kwa jina la mwanawe mkubwa, aliketi mbele kabisa, ameshika mkoba kwa mikono miwili, uso mkavu. Mbaluka alisimama kutoa salamu fupi. Zile salamu fupi zilianzia mwaka wa njaa ambao marehemu alizaliwa.

Hapo Taranjit aliitwa nje. Mlinzi wa jengo la jirani alikuwa akidai gari lao limeziba lango. Akatoka mbio, peku. Mezani hapakubaki mtu.

Mbaluka alipomaliza, mchungaji akaomba watu wainamishe vichwa wamkumbuke marehemu kwa kimya. Nzembi akazunguka kamera zake kutafuta uso. Kamera ya kwanza ilikuwa na Mbaluka, anajifuta jasho. Ya pili ilikuwa na benchi la jamaa, ambako mmoja alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu na mwingine akilia kama anayefanya mtihani wa kulia. Ya tatu, ya Muasya, ilikuwa imesogezwa kidogo ili mshika sadaka apite, na pembeni mwake, karibu na nguzo, ulionekana uso wa msichana. Hakuwa na leso. Machozi yalikuwa yakimwagika tu, hadi kidevuni, na hakuyajali.

Si kwamba Nzembi alikuwa na huruma nyingi. Ni kwamba picha nyingine zote zilikuwa mbaya. Alikuwa fundi, na mbele yake palikuwa na picha nzuri.

"Muasya," alisema, "kaza hapo. Usoni."

"Nzembi, hiyo ndio nguzo."

"Mimi sioni nguzo. Kaza."

Akabonyeza. Mukai akatokea mbele ya kanisa, mkubwa kama mlango wa gereji, juu ya jeneza la baba yake.

Mbaluka aliinua kichwa kutoka kwenye kimya chake, akaona, akaondoka kitini. Alipita kando ya mabenchi kwa hatua za mtu anayeenda kumfukuza mtu. Alikuwa ameandaa maneno. Alifika mezani, akafungua kinywa, na akakuta kiti kitupu.

Mbele ya macho yake taa nyekundu ilitoka kwenye kifungo cha tatu ikaruka hadi cha kwanza, cha kamera iliyokuwa sasa imemgeukia Mama Muli. Ikakaa. Kisha ikarudi kwenye cha tatu. Safari hii picha zikabadilishana polepole, Mama Muli akififia na Mukai akitokea. Hapakuwa na mkono. Mbaluka aliinama akatazama chini ya meza. Hapakuwa na mtu huko pia, isipokuwa nyaya na kandambili za Taranjit.

Alirudi alikotoka kwa hatua nyingine kabisa, akamwinamia mzee wa kwanza wa ukoo aliyempata, akamnong'oneza. Mzee akageuka akatazama meza. Akamnong'oneza jirani yake. Muasya, aliyekuwa na jicho moja kwenye kamera, aliyaona masikio yakipokezana habari benchi hadi benchi.

"Nzembi," alisema kwa sauti ya mtu anayezuia kicheko kanisani, ambayo ni mateso makubwa. "Wanasema ni mzee."

"Mzee gani?"

"Marehemu. Wanasema ndiye anachagua picha."

"Waambie ni mimi!"

"Niwaambie saa ngapi? Pastor anaomba!"

Nzembi alicheka mpaka plasta ikampigapiga ukingo wa kitanda. Alikuwa anajifuta machozi, akijiandaa kukata hadi kwa mchungaji ili mambo yatulie, saa ya ukutani ilipofika sita, na upande wa pili wa ukuta, Kanyiva, mwanamke wa neno lake, akafungua tamthilia.

Kioo cha laptop kikaganda. Nzembi akabonyeza kamera ya kwanza, hakuna. Akabonyeza ya pili, hakuna. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo kama nzi aliyelewa. Na swicha ni mashine mtiifu; isipopata amri mpya, hushikilia ya mwisho. Kule kanisani Mukai akabaki kwenye skrini.

Akakaa hapo. Maombi yakaisha, watu wakainua macho, Mukai yupo. Mchungaji akasema maneno mawili ya faraja, Mukai yupo. Kwa mara ya kwanza watu wote wakapata muda wa kutazama, na kilichokuwa karibu na uso wake mkubwa ni picha ya marehemu kwenye fremu, na mtu hata angekuwa na macho mabovu asingeweza kukosa kuyaona masikio. Masikio manne ya aina moja, mawili kwenye fremu na mawili kwenye skrini, yamesimama vilevile, yanasikiliza vilevile. Mnong'ono ukapita kanisani kama upepo kwenye mahindi makavu.

Taranjit alirudi kutoka langoni, akaona picha imekwama, akanyoosha mkono kubonyeza mwenyewe. Mbaluka, aliyekuwa amesogea tena hapo bila kujua miguu yake imemleta, alimdaka kiwiko.

"Usiguse!"

"Bwana Mbaluka, hii kitu imekwama tu."

"Nimesema usiguse. Ndugu yangu bado anatazama."

Taranjit alikuwa mfanyabiashara. Hakubishana na mteja. Aliurudisha mkono.

Naye Mukai alikuwa amejiona. Mtu hawezi kukosa kujiona akiwa mkubwa kiasi kile. Alisubiri picha iondoke, haikuondoka. Alimwangalia mama yake, na Kavutha alikuwa ameinamisha uso. Alitazama mbele, akaona watu wamegeuka wanamtazama, mchungaji amenyamaza, kipaza sauti kimesimama peke yake. Akaelewa kilichokuwa rahisi kueleweka: ameitwa kuzungumza. Hakuwa kwenye programu, lakini hata programu hukosea. Akasimama, akatoka nyuma ya nguzo. Muasya, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kufuata anayetembea, akamfuata na kamera hadi mbele.

"Mimi naitwa Mukai," alisema. "Sikujua kama niko kwa programu." Akaigeukia picha ya baba yake. "Baba alikuwa anakuja kwetu Jumamosi. Alikuwa analeta kabichi. Mama alimwambia hatupendi kabichi, akasema sawa, na Jumamosi ingine akaleta kabichi."

Mtu alikohoa. Hakuna aliyemzuia Mukai.

"Halafu tunacheza drafti. Akiona nimemzingira, anakohoa. Kikohozi kikubwa hivi. Na akikohoa mkono wake unapita kwa ubao, ukiangalia tena unapata kete zimehama. Nilikuwa naona. Nilikuwa namwacha tu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa hakuna mtu wa kuniibia. Hiyo ndiyo nilitaka kusema."

Kilichofuata kilitoka benchi la mbele. Kilianza kama mtu aliyepaliwa, kikawa kicheko, kicheko kikubwa cha mwanamke aliyekaa na jambo moyoni muda mrefu. Mama Muli alikuwa ameachia mkoba.

"Kukohoa!" alisema kwa sauti, kanisa zima likasikia. "Kumbe alikohoa hata huko!"

Wanawe wakacheka, maana wao pia walikuwa wameibiwa. Wazee waliocheza naye drafti wakatazamana, kila mmoja akikumbuka vikohozi vyake. Kanisa likaangua kicheko, na katikati yake Mukai akasimama akilia na kucheka kwa pamoja, pua inatoka maji, hajui aende wapi.

Kule Kabiria, Nzembi alikuwa anasikia yote haya kwa simu ya Muasya na haoni chochote. Ni mateso yasiyo na mfano kwa mtu wa picha. Alishika gongo, akaupiga ukuta mpaka chokaa ikadondoka.

"Kanyiva! Zima! Zima hiyo kitu!"

"Ni saa sita!"

"Bado hajaingia mbinguni! Nakuomba, zima!"

Kanyiva alizima, ingawa alimwambia Nzembi baadaye kwamba yule mwanamke tajiri alikuwa amefungua kinywa kutaja jina la mumewe. Kioo kikazinduka, picha zikarudi zikikimbizana, na Nzembi akamwona Mama Muli, machozi yanamtiririka kwa kicheko, ameshika kifua. Hakufikiria. Alimbonyeza. Kwa muda watu wakamtazama mjane akicheka juu ya jeneza la mumewe, kisha akamrudia Mukai, kisha Mama Muli tena, huku na huku, mpaka wote wawili wakatulia.

Mbaluka alimshukuru Taranjit kwa kumshika mkono kwa mikono miwili, akikwepa kuiangalia mashine.

Baada ya mazishi, gari liliingia Kabiria likikwepa mitaro, na Mama Muli akashuka, amebeba kuku wa kienyeji kwenye kiondo. Alikuwa amemhoji Taranjit, na Taranjit hakuwa mtu wa siri.

"Mwaitu, mama yangu, karibu," Nzembi alisema, akihangaika kuinuka.

"Kaa, kaa. Mguu huo usinisimamie." Mama Muli akaketi kwenye kigoda, akaitazama plasta, akaitazama laptop. "Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi, mama. Naomba msamaha. Bwana Mbaluka bado anadhani..."

"Mbaluka anaapa ni marehemu. Mimi nilimwambia palepale kanisani. Mume wangu rimoti ya TV ilimshinda miaka yote. Alikuwa anaita watoto kutoka jikoni wamwongezee sauti. Leo amekufa ndio ajue mashine ya vifungo vyote hivyo?"

Nzembi alitaka kucheka, akajizuia, kisha akaona hakuna haja.

"Nataka kujua jambo moja," Mama Muli akaendelea. "Yule mtoto. Ulimwonyesha makusudi?"

"Mara ya kwanza, makusudi. Alikuwa analia vizuri." Nzembi alisikia jinsi neno hilo lilivyotoka, lakini hakuwa na lingine la kuliziba. "Pale alipokwama, hiyo haikuwa mimi. Hiyo ilikuwa intaneti. Jirani alikuwa na filamu yake."

Mama Muli akautazama ukuta. Upande wa pili wa ukuta Kanyiva alikuwa amenyamaza, kwa namna ya mtu aliyeweka sikio.

"Watu wanasema mimi ndiye niliyetaka wafichwe," Mama Muli akasema. "Sikusema hivyo. Mbaluka alipanga, mimi nikaona, nikanyamaza. Ilinifaa." Alisokota ncha ya kitambaa chake. "Huyo Kavutha simpendi. Sitampenda, usidhani nimekuja na kuku kwa sababu ya hiyo. Lakini mtoto ametupa mchanga kaburini kama wenzake. Masikio yale ningeyapeleka wapi?"

"Na Bwana Mbaluka? Nimwambie?"

"Mwambie ukitaka. Tangu siku hiyo anasalimu watu kwa adabu. Mimi singeharakisha."

Nzembi hakupenda kumwacha mtu na mzuka usiokuwepo, kwa hiyo alimpigia. Alimweleza yote: laptop, waya, tundu la buibui, tamthilia. Mbaluka alisikiliza mpaka mwisho.

"Unaniambia uliendesha ile mashine ukiwa Kabiria?"

"Ndiyo, mzee."

"Na intaneti ya Kabiria?"

"Ndiyo."

"Binti yangu," Mbaluka akasema kwa upole, "mimi nina ploti hapo Riruta. Intaneti ya huko naijua. Hata meseji ya pole ilinifikia siku mbili baadaye. Hiyo kazi haikufanywa na intaneti." Akakata simu, ameridhika.

Plasta ilipotolewa, Taranjit alimwomba Nzembi aendelee kufanyia kazi kitandani. Wateja walikuwa wanaulizia ile mashine isiyo na mtu. Mmoja alitaka kujua kama inaweza kuonyesha ni nani atamrithi. Nzembi alikataa. Kitandani hakuna pilau, alisema, na mtu akikukasirikia humwoni usoni.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye ukumbi mmoja wa harusi huko Parklands, ameketi mbele ya swicha, gongo moja bado limeegemezwa kwenye kiti. Ngoma zilikuwa zinapashwa moto. Vidhi, mama wa bibi harusi, alikuja mezani kwa haraka, sari imeshikwa mkononi.

"Wewe ndiye unachagua picha?"

"Ndiyo, mama."

"Upande wangu wa kushoto usionyeshe. Wa kulia tu. Umesikia? Na mama wa bwana harusi, yule pale, mwonyeshe kushoto, ndiko kwake kubaya."

"Nimesikia," Nzembi akasema, na akaweka kidole juu ya kifungo.